Maneno ya Makaburi Madogo

Nyumbani,
3 Februari 1984

Mdogo wangu Nukta,

Nakusalimu, na kabla hujauliza, sisi ni wazima. Magoti yangu hulalamika nikipanda ngazi za kanisa, lakini yakifika juu hunyamaza, kwa hiyo nimeyaacha yaseme. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Nawe nieleze habari za tumbo lako, na usinidanganye, kwa sababu mkeo huniandikia pembeni.

Tulisikia kanisani kwamba umefanywa katibu wa kamati ya ibada, na kwamba ninyi watu saba ndio mtakaoandika kitabu kipya cha ibada cha Kanisa letu lote la Methodisti. Mchungaji alilisoma tangazo hilo mara mbili, na watu wakanigeukia kana kwamba ni mimi niliyechaguliwa. Nikajitia kutafuta leso mkobani. Nilifurahi, sikufichi. Ukiwa na miaka sita ulikuwa ukimkatiza baba akiomba mezani, kumwambia amerudia sentensi. Ndiyo maana nikakuita Nukta, na sasa wamekupa kazi ya kukatiza kanisa zima.

Umeniomba nikuandikie maneno ninayosema kwenye makaburi madogo. Nimekaa na ombi lako wiki tatu. Sijawahi kuyaandika. Unajua yalivyoanza, maana ulikuwepo, ndiwe uliyeshika koleo. Mwanangu aliishi siku nne. Mchungaji wa wakati ule alifungua kitabu chake akatafuta, akafunga, akasema hakuna ibada ya mtoto asiyebatizwa, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na kile kisanduku, shemeji yako analia, wewe unatazama chini. Nikafungua mdomo nikasema yaliyokuja. Mwaka uliofuata jirani akafiwa na mtoto wake, akanifuata. Kisha mwingine. Sasa ni miaka ishirini na miwili, na nikihesabu makaburi niliyosimama nafika sitini na kitu.

Haya, nimeyaandika katika daftari hili la shule. Yamenitoka kwa shida, kwa sababu nimezoea kuyasema nimesimama. Sahihisha utakavyo, weka koma zako. Ila nakuomba jambo moja, na ni hili tu: msiandike kwamba lazima asubiriwe mchungaji. Mchungaji wetu ana makanisa kumi na moja na baiskeli moja. Watoto hawa huzikwa siku hiyo hiyo, na mama huwa bado anatoka damu. Aliye karibu naye ndiye aseme.

Msalimie mke wako, na umbusu binti yako, mwambie shangazi anamwekea nafasi kitandani likizo ikifika.

Ni mimi dada yako.


Ofisi ya Kanisa,
19 Aprili 1984

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tumbo limetulia, na huyo mpelelezi wako nimeshamkanya, ingawa najua hatakoma. Binti amefurahi na ameanza kufunga begi, na likizo bado miezi minne.

Daftari lako lilifika salama. Nililisoma ofisini mlango umefungwa, na karani alipogonga nilimwambia nina mafua. Kisha nikalipiga taipu mwenyewe, nakala saba, nikalipeleka kikaoni. Unapaswa kujua ilivyokuwa. Kamati yetu hukutana katika chumba chenye meza ndefu na dirisha moja lisilofunguka, na kwa kawaida tunabishana saa nzima juu ya neno moja mpaka chai inapoa. Siku hiyo hakuna aliyebisha. Mwalimu wa chuo cha wachungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hata mwenyekiti, ambaye sisi humwita Mzee Kifungu kwa sababu hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutaja kifungu cha katiba, hakutaja kifungu hata kimoja. Kisha akauliza ni nani aliyeandika. Nikasema yametokana na desturi ya akina mama wa sakiti ya kwetu, yale makanisa kumi na moja ya mchungaji wenu. Nilitaka yapokelewe kwanza yenyewe, halafu jina lifuate.

Kuna sehemu moja tu wanayoiona nzito. Ni ile unayosema: "Leo hatujakuletea shukrani, Bwana, tumekuletea huyu. Shukrani utusubirie." Mzee Kifungu anauliza kama inafaa kumwambia Mungu asubiri. Mimi nimeitetea. Na lile ombi lako nimelishika, dada. Nakuapia, maadamu mimi ndiye ninayeshika kalamu, hakuna atakayeandika kwamba mama asubiri mchungaji.

Mdogo wako.


Nyumbani,
2 Agosti 1984

Nukta wangu,

Marahaba. Tu wazima, na binti yako amefika, amekula, amelala, ameamka akauliza kwa nini jogoo wetu hana adabu. Ana maswali yako na ulimi wa mama yake. Tumwombee mume wake wa baadaye.

Kuhusu mstari ule. Mengine yote yakateni, yapangeni, yapigeni pasi. Huo uacheni. Nitakwambia kwa nini. Mke wa fundi cherehani alipozika mtoto wake wa tatu alisimama wima, macho makavu, wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Nilipofika kwenye mstari huo akashusha pumzi, akaegemea bega langu. Baadaye akaniambia alikuwa anaogopa kwamba nami nitamlazimisha aseme asante. Kama Mungu hawezi kungoja siku chache, basi mimi sijui tumekuwa tukimsifu nani miaka yote hii.

Nilifurahi kusikia mwalimu wa chuo alivua miwani. Lakini hukuniambia kwa nini hukusema ni dada yako. Nimeuliza tu.

Dada yako.


Ofisi ya Kanisa,
11 Novemba 1986

Dada mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya cha muda mrefu. Natumaini magoti hayajapata sauti mpya. Sisi huku afya ipo, kazi ndiyo inatumaliza.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni kitabu, kimetoka kiwandani wiki iliyopita, bado kinanuka gundi. Fungua ukurasa wa mia na kumi na mbili. Ni Ibada ya Maziko ya Mtoto Mchanga. Kanisa letu halikuwahi kuwa nayo, na sasa inayo, na imetoka kwako. Kila nikiitazama nakumbuka lile koleo.

Sasa nikwambie na mengine kabla hujayaona mwenyewe. Mstari ule haumo. Mahali pake pana "Tunakushukuru kwa siku ulizotupa pamoja naye." Na juu ya ukurasa, kwa herufi za mlazo, pameandikwa kwamba ibada hii itaongozwa na mchungaji aliyewekewa mikono, na ni kwa watoto waliobatizwa. Najua nilikuapia. Nisikilize kidogo. Kikao cha mwisho kilianza asubuhi, na kufika alasiri Mzee Kifungu alikuwa na wanne upande wake. Akasema ama masharti hayo yaingie, ama ukurasa mzima utoke. Nikapima. Nikaona heri uingie umekatwa kuliko usiingie kabisa. Aliyeandika hayo masharti ni mimi, kwa sababu katibu ndiye huandika, na nilijitahidi yasisikike makali. Mstari ule niliufuta mwenyewe katika daftari lako, kwa wino mzito, ili asije mtu akauchapa kwa makosa.

Wafundishe akina mama maneno mapya. Wakiyasikia kutoka kwako watayapokea.

Mdogo wako.


Nyumbani,
20 Januari 1987

Nukta,

Tu wazima.

Kitabu kilifika. Lakini kilifika kwanza kwa mchungaji wetu mpya, kijana nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope. Jumanne iliyopita binti wa mpishi wa shule alizika mtoto wa siku mbili. Waliniita, nikaenda. Nilikuwa nimeshika mkono wa yule msichana nataka kuanza, mchungaji akafika na baiskeli yake. Nilifikiri amekuja kusimama nasi. Akaniomba kwa heshima ninyamaze. Akafungua kitabu, akanionyesha kwa kidole. Nikasoma maneno yangu mwenyewe, na juu yake mstari wa kunikataza kuyasema. Nikamwambia, basi soma wewe. Akasema hawezi, mtoto hakubatizwa. Nikamuuliza, sasa nani aseme? Akafunga kitabu.

Tulimzika kimya, Nukta. Kabla hamjaandika ukurasa wenu kulikuwa na mtu wa kusema. Sasa mnao ukurasa na hakuna wa kusema.

Sikuishia hapo. Jioni nilikwenda kwa yule msichana nikamwambia maneno yote nyumbani kwao, mlango wazi. Kuna aliyelipeleka jambo hilo kwa mchungaji. Niliitwa mbele ya mkutano wa viongozi wa sakiti, nikakalishwa kwenye kiti cha peke yake kama mwizi wa kuku, na jina langu likafutwa kwenye ratiba ya wahubiri. Miaka kumi na tisa nilikuwa kwenye ratiba ile. Darasa langu la washirika kumi na wawili amepewa mke wa mweka hazina, ambaye akiomba lazima mtu amguse kiwiko ili akumbuke alikuwa anaomba nini.

Niliwaambia maneno yale ni yangu. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, mama, maneno haya yameandikwa na kamati.

Sitaki unitetee kwa kelele. Nataka barua moja, yenye muhuri wa ofisi yako, iseme mambo mawili: kwamba maneno yalitoka kwangu, na kwamba mwanamke aliye kaburini anaweza kuyasema. Barua moja tu. Hujawahi kuniona nakuomba kitu kwa ajili yangu tangu nikupeleke shule.

Dada yako.


Ofisi ya Kanisa,
9 Machi 1987

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Nimeisoma yako mara nyingi, na sikulala vizuri tangu ifike.

Jambo ulilopata linaniumiza, na kijana yule amekosa busara. Lakini barua unayotaka siwezi kuiandika sasa, na nakuomba unielewe. Kitabu kimepitishwa na Mkutano Mkuu. Mimi ni katibu wa kamati iliyokitoa. Nikiandika kwamba ukurasa mmoja ufuatwe vingine katika sakiti moja, tena sakiti anakokaa dada yangu, watasema nini? Watasema tangu mwanzo nilikuwa napitisha mambo ya nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma. Mzee Kifungu anastaafu baada ya miaka michache, na watu wanataja jina langu. Nikikaa kwenye kiti kile nitakuwa na uwezo wa kulirekebisha jambo hili kwa kanisa zima, si kwa kijiji kimoja. Ninachohitaji ni muda, na nahitaji wewe usiwape sababu. Kwa sasa usiende kwenye makaburi hayo. Ukiitwa, mtume mtu kwa mchungaji.

Nakuambia hivi kwa upendo.

Mdogo wako.


Ofisi ya Kanisa,
14 Oktoba 1988

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne bila jibu. Mke wangu ananiambia uko mzima, kwa hiyo yeye unamwandikia. Nashukuru kwa hilo.

Nilialikwa chuo cha wachungaji kufundisha jinsi kitabu kilivyoandikwa. Niliwasimulia habari ya kaburi la mwanao. Vijana walilia. Nilitaka tu ujue kwamba haijasahaulika.

Mdogo wako.


Ofisi ya Kanisa,
27 Mei 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama unafungua barua zangu au unaziweka tu mahali. Hii tafadhali ifungue.

Binti yangu alijifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume. Aliishi asubuhi moja. Walinipigia simu ofisini nije kumbatiza, maana mchungaji wa karibu nao ni mimi, nami nilikuwa kikaoni, kwa sababu sasa mimi ndiye mwenyekiti, na nimemzoesha karani asinikatize. Nilipotoka nje kwa chai ndipo akaniambia. Nilikuta amefunikwa, hajabatizwa.

Tulizika siku iliyofuata. Kamati nzima ilikuja, kwa ajili ya heshima yangu, na Mzee Kifungu na fimbo yake. Nilisimama na kitabu. Kwa sharti nililoliandika mwenyewe sikuwa na haki ya kuifungua ile ibada, na wote pale walijua. Nikaifungua. Hakuna aliyenizuia, dada. Mwanamke wa kijijini huzuiwa, mwenyekiti hazuiwi. Nikasoma mpaka nikafika kwenye "Tunakushukuru," na binti yangu akainua kichwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Unamshukuru kwa lipi, baba?"

Ningeweza kukifunga kitabu nikamkumbatia. Badala yake niliendelea kusoma. Yeye akageuka akaondoka, mama yake akamfuata, na mimi nikamaliza ukurasa, kwa sababu sikujua jinsi ya kuacha katikati. Watu wakasema Amina.

Hajasema nami tangu siku hiyo. Wiki tatu sasa hayupo nyumbani kwake. Mumewe anasema yuko mahali salama na hataki nijue ni wapi, na mke wangu anajua na haniambii. Nyumba hii imekuwa kubwa sana.

Nimeshaitisha kamati. Tutakirekebisha kitabu, na masharti yale nitayaondoa yote mawili, nina kura za kutosha. Na mstari ule nataka urudi, safari hii na jina lako chini yake. Lakini sinao, na zile nakala saba za taipu tulizichoma kitabu kilipopitishwa. Daftari lipo, nimelishika hapa, nimelielekeza dirishani, na wino wangu umeuziba kabisa. Nakumbuka ulimwambia Mungu asubiri, lakini kila nikijaribu kuuandika unatoka kama kumbukumbu za kikao. Nakuomba uniandikie tena. Ni mstari mmoja.

Nimekukosea. Nilijua wakati naandika lile sharti kwamba nakukosea, na nikaandika. Nilitaka kile kiti.

Mdogo wako.


Nyumbani,
15 Juni 1992

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote nilizifungua. Sikuzijibu kwa sababu nilizisoma.

Pole kwa mjukuu. Nimemlilia, na ni wangu pia.

Binti yako yuko hapa. Alifika na basi la asubuhi, maziwa yamelowesha blauzi, hana hata begi. Hakunipa salamu. Alisimama mlangoni akasema, shangazi, sema yale ya kwako. Tukakaa uani, shemeji yako akatoa kofia, nikayasema yote tangu mwanzo. Ule mstari alinitaka niurudie mara tatu. Kisha akalala mpaka kesho yake mchana. Anakula sasa. Usije kumchukua, atakuja akitaka.

Mimi magoti yamekataa kabisa, siwezi tena kufika makaburini. Mwanao ameniomba nimfundishe, nimemfundisha. Hatukuandika popote. Alhamisi iliyopita mke wa mwashi alizika watoto wake mapacha, na aliyesimama naye ni binti yako. Mchungaji alifika na kitabu. Wanawake wanasema alimsomea sharti lile, na yeye akamsubiri amalize kwa adabu zote, halafu akaendelea. Kijana hakumjua ni nani mpaka alipomuuliza jina ili aliandike. Akatajiwa, akaona ni lako. Wanasema kalamu ilisimama kidogo, kisha akaandika.

Kwa hiyo mashtaka yanakuja kwenu, na kwa utaratibu wenu yataanguka mezani kwa mwenyekiti. Mimi nilipoomba barua yako niliombwa muda. Yeye haombi kitu. Anasema utakapomwita mbele ya kamati atakuja, na atakaa kwenye hicho kiti cha peke yake.

Unautaka ule mstari. Sitakuandikia. Nilikupa mara moja kwa mkono wangu, na ulivyoufanya unajua. Tena si wangu peke yangu sasa, mwanao anao. Muombe yeye. Akikupa, uweke kitabuni, na jina langu hulihitaji. Akikunyima, usiniandikie mimi kunung'unika.

Nilimwambia leo kwamba nakuandikia. Nikamuuliza kama ana salamu zozote niziweke humu. Akafikiri, nikangoja, akasema hana.

Dada yako.